Kichocheo na mwitikio: mwongozo kamili wa kujenga mwitikio mpya na kufifisha wa zamani

Simu ikitetema mezani, mkono unaenda kabla hujaamua. Ukipita karibu na chumba cha daktari wa meno, taya linakaza hata kama leo umemsindikiza mtu mwingine tu. Ukinusa chakula kilichowahi kukutapisha, tumbo linageuka. Hakuna aliyezaliwa na miitikio hiyo. Imefundishwa, mara nyingi bila mwalimu na bila mwanafunzi kujua kwamba darasa linaendelea.

Kilichofundishwa kinaweza kufundishwa upya. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufanya hivyo: kujijengea mwitikio mpya au kulegeza wa zamani unaomsumbua, kwake mwenyewe, kwa mtoto anayemlea au kwa mnyama anayemfuga. Nadharia nimeiweka pale tu inapobadilisha unachopaswa kufanya. Wengi wanaokwama katika kazi hii si wavivu hata kidogo. Wameelewa vibaya kitu kinachojifunzwa, wakatia bidii mahali pasipo na mlango.

Kinachojifunzwa hasa

Ivan Pavlov alikuwa mtaalamu wa mmeng'enyo wa chakula, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1904 aliipata kwa kazi hiyo, wala haikuhusu jaribio lake maarufu la mbwa wanaotokwa mate kwa kusikia kengele. Katika maabara yake kule St. Petersburg mate ya mbwa yalikusanywa kwa mrija na kupimwa kwa matone. Tatizo likazuka: mbwa waliozoea maabara walianza kutoa mate kabla chakula hakijafika, kwa kumwona tu mhudumu au kusikia nyayo zake. Mtafiti mwingine angetafuta namna ya kuuondoa usumbufu huo. Pavlov aliufuata, na ukamchukua miaka yote iliyobaki ya kazi yake.

Watu wengi wameondoka na somo kwamba vitu viwili vikikutana mara nyingi vinaungana. Kuna ukweli, lakini haujakamilika. Mwaka 1968 Robert Rescorla alichapisha jaribio ambalo kwangu ndilo la kushika kichwani kuliko hata la mbwa. Panya wa kundi moja walipigwa shoti ya umeme wakati mlio fulani ukisikika, basi. Kundi jingine lilipigwa shoti zile zile wakati wa mlio, kisha likaongezewa nyingine, kwa kiwango kile kile, wakati mlio haupo. Mlio na shoti vilikutana sawasawa katika makundi yote mawili. Kundi la kwanza likauogopa mlio. La pili halikuuogopa, maana kwao mlio haukuwaambia lolote ambalo ukimya haukusema.

Kwa hiyo mwili hujifunza ishara inatabiri nini. Hapo ndipo mwongozo mzima umesimama: ukitaka kubadili mwitikio, badilisha utabiri. Kujikemea hakuubadilishi, wala kuamua kwa moyo mmoja kwamba kuanzia kesho mambo yatakuwa tofauti. Ishara lazima itokee na kitu kingine kifuate, tena na tena, hadi mwili ukubali.

Hatua ya kwanza: jua unashughulika na aina ipi

Kuna miitikio ya mwili isiyongoja ruhusa: mate, mapigo ya moyo, kichefuchefu, jasho la viganja, woga, usingizi. Hii huongozwa na kinachoitangulia. Kisha kuna matendo: kuchukua simu, kuuma kucha, kufungua kitabu, mtoto kulia ili abebwe. Haya huongozwa zaidi na kinachoyafuata. Edward Thorndike alilionyesha hilo mwaka 1898 kwa paka waliofungiwa kwenye masanduku: tendo lililofungua mlango lilirudiwa haraka zaidi kila safari, na yale yasiyoleta kitu yakapungua yenyewe. B. F. Skinner akaja kulichambua kwa kina, kwa panya na njiwa, kuanzia miaka ya 1930.

Kazi huwa ngumu pale aina mbili zinapofungwa pamoja, nazo hufungwa pamoja karibu kila palipo na woga. Chukua mtu anayeogopa lifti. Moyo kudunda anapoiona milango ya lifti ni aina ya kwanza. Kugeuka na kupanda ngazi ni aina ya pili, na nafuu anayoipata mguu unapogusa ngazi ya kwanza ndiyo malipo yake. Kila akipanda ngazi, kukwepa kunalipwa, na lifti inakosa nafasi ya kuonyesha kwamba haina neno. Ndiyo sababu woga wa aina hii haufi kwa kukaa; unaweza kudumu miaka 30 bila mtu kupatwa na baya lolote ndani ya lifti.

Hakikisha pia kwamba kweli ni jambo la kujifunza. Kushtuka kwa kishindo ni mwitikio wa asili. Moyo kwenda mbio bila sababu mahali popote, usingizi unaokushika mchana kutwa, kichefuchefu kisichohusiana na mahali wala harufu: hayo yapimwe na daktari kwanza, kabla hujayatafutia ishara.

Hatua ya pili: andika kwa wiki moja, bila kubadilisha kitu

Chukua daftari au programu ya kuandikia kwenye simu. Kila mwitikio unapotokea, andika saa, mahali, kilichotangulia, ulichofanya au mwili ulichofanya, na kilichofuata. Sehemu mbili za kuandika kwa uangalifu ni kilichotangulia na kilichofuata, na zote mbili zipimwe kwa sekunde. "Nilikuwa na mawazo" haisaidii. "Nilikuwa nimekaa, kiwiko kiko juu ya meza, nasoma ripoti ndefu, mkono wa kushoto hauna kazi" inasaidia sana.

Mfano huo wa mwisho nimeuchagua kwa makusudi. Mtu anayeuma kucha karibu kila mara atakuambia ni kwa sababu ya wasiwasi. Akiandika wiki nzima, huenda akakuta kwamba siku za wasiwasi mkubwa hata hakugusa kucha, kwa kuwa alikuwa anatembea huku na kule. Kucha ziliumwa palipo na kiti, maandishi marefu na mkono ulio karibu na uso. Kumbe kichocheo ni mkao. Na mkao unaweza kuubadilisha leo hii, wakati wasiwasi ungekuhangaisha mwaka mzima.

Nathan Azrin na R. Gregory Nunn waliweka utaratibu wa kutibu tabia za aina hii mwaka 1973, na bado ni miongoni mwa njia zinazotegemewa. Mtu hujizoeza kutambua dalili ya kwanza kabisa, mkono unapoanza kunyanyuka, kisha hufanya tendo lisiloweza kwenda pamoja na lile la zamani: kukunja ngumi, kushika kalamu au kubana viganja kwenye mapaja, kwa dakika moja hadi tatu. Bila daftari la wiki ya kwanza dalili hiyo ya mwanzo hutaiona, maana utagundua kucha zikiwa tayari mdomoni.

Hatua ya tatu: kujenga mwitikio wa mwili

Hapa utaratibu ni mkali kuliko watu wanavyodhani. Ishara itangulie, tokeo lifuate. Ukigeuza, hujafundisha karibu chochote, maana ishara inayofika baada ya jambo kutokea haitabiri kitu. Pengo kati ya hivyo viwili liwe fupi. Katika majaribio ya kufundisha jicho kufumba kwa mlio unaofuatwa na pumzi ya hewa, pengo zuri ni karibu nusu sekunde. Woga huvumilia pengo refu zaidi.

Ishara iwe ngeni na iwe pekee. Sauti ambayo mtu ameshaisikia mara nyingi bila lolote kutokea huchelewa kufundishika, kwa kuwa mwili umeshajua kuipuuza. Na ishara inayokuja pamoja na nyingine iliyokwisha kufanya kazi hiyo haijifunzwi. Leon Kamin alilithibitisha hili mwishoni mwa miaka ya 1960: panya waliokwisha kujua kwamba kelele fulani inaleta shoti, walipoongezewa taa pamoja na kelele hiyo, hawakujifunza kitu cha maana kuhusu taa. Kelele ilikuwa imeshasema yote.

Mtazame mfugaji anayelalamika kwamba kile kidude cha kutoa mlio mfupi hakimfundishi mbwa wake. Tazama mikono yake. Mara nyingi mkono wa kulia umeshaingia mfukoni, kwenye vipande vya nyama, kabla kidole cha mkono wa kushoto hakijabonyeza. Mbwa anautazama mfuko. Kwake mfuko ndio unaotangaza nyama, na mlio unafika umechelewa ukirudia habari anayoijua. Dawa yake ni ndogo: mikono yote itulie, bonyeza, hesabu moja, ndipo mkono uende mfukoni. Fanya hivyo mara kumi na kitu, pumzika, rudia baadaye mahali pengine ndani ya nyumba. Kabla ya siku nyingi mbwa atageuza kichwa kwa mlio peke yake, na hapo ndipo unaweza kuanza kuutumia kumfundisha mambo mengine.

Kwa binadamu, mwitikio unaofaa kujengwa ni wa kutulia. Kila siku, mahali tulivu, legeza misuli kundi moja baada ya jingine kwa dakika 10 hadi 15: kaza ngumi, achia, kaza mabega, achia, endelea mpaka miguuni. Mwili ukishalegea kweli, sema kimoyomoyo neno moja fupi ulilolichagua, kila mara kabla tu ya kutoa pumzi, kwa dakika chache. Neno linatangulia, mlegeo wa pumzi unafuata. Wiki kadhaa baadaye neno hilo litaanza kufanya sehemu ya kazi lenyewe.

Sharti ni moja, na watu hulivunja siku ya tatu: usilitumie neno hilo katikati ya hofu kubwa kabla halijakomaa. Ukilitamka kila unapotetemeka, unalifundisha kutabiri kutetemeka. Lianzie kwenye usumbufu mdogo, foleni inayochelewa kwa mfano, ulipeleke juu polepole.

Mwisho wa hatua hii, chagua ishara inayoendana na tokeo. Mwaka 1966 John Garcia na Robert Koelling waliwapa panya maji matamu ambayo kila yakilambwa taa iliwaka na mlio ukasikika. Panya waliofanywa wagonjwa baada ya kunywa walikwepa ladha ile, taa na mlio hawakuvijali. Waliopigwa shoti walifanya kinyume: waliogopa taa na mlio, ladha wakaendelea nayo. Tumbo huulaumu mdomo, ngozi huyalaumu macho na masikio. Tena chukizo la ladha linaweza kushika kwa safari moja tu, hata kama ugonjwa umekuja saa kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo mtu anayeanza matibabu ya saratani kwa dawa zinazoleta kichefuchefu hafai kula chakula akipendacho muda mfupi kabla ya dawa. Anaweza kukichukia bure, huku akijua fika kwamba kilichomtapisha ni dawa. Kujua hakusaidii hapo.

Hatua ya nne: kujenga tendo

Kwa matendo, angalia mbele. Malipo yaje papo hapo, tendo likiwa bado mkononi. Zawadi ya mwisho wa mwezi ni jambo zuri kwa sababu nyingine, lakini hailishi tendo la asubuhi ya leo. Anza na tendo dogo kiasi cha kuchekesha: fungua kitabu, soma aya moja. Ukilipata tendo hilo bila kusukumana, dai zaidi kidogo, kisha zaidi. Ndivyo Skinner alivyofundisha njiwa mambo ambayo njiwa hangeyafanya kamwe kwa kubahatisha, kwa kulipa kila hatua iliyosogea upande unaotakiwa.

Huna zawadi ya kutoa? Tumia tendo analolipenda mtu kulipa lile asilolipenda. David Premack alionyesha kwamba tendo linalofanyika kwa wingi lenyewe linaweza kuliimarisha linalofanyika kwa nadra, mradi la pili liwe mlango wa kuingilia la kwanza. Mazoezi ya hesabu, kisha mchezo. Mpangilio ukigeuka, mchezo kwanza kwa ahadi ya hesabu baadaye, umelipa kabla ya kazi na kazi hutaiona.

Mwanzoni lipa kila mara. Tendo likishasimama, anza kuruka: lipa mara moja kati ya mbili, kisha kwa kubahatisha. Tendo lililolipwa kwa kubahatisha hudumu kuliko lililolipwa kila siku, kwa kuwa kukosa malipo leo hakumaanishi chochote. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayokushikilia kwenye simu, maana mara nyingi hakuna ujumbe wa maana, na mara moja moja upo. Na ndiyo inayomwangusha mzazi aliyeamua kutokubali kilio cha dukani, akashikilia mara nne, ya tano akachoka na kumpa mtoto anachotaka. Hajarudi alipokuwa mwanzo. Amekifanya kilio kuwa sugu zaidi ya kile alichokuwa anakikubali kila siku.

Lifunge tendo kwenye ishara ambayo tayari ipo katika siku yako, kwa maneno kamili: "Nikishaweka mswaki mahali pake, nitakunywa dawa." Peter Gollwitzer amelitafiti kwa miaka mingi jambo hili la kutamka mapema lini na wapi, nalo hubeba watu kuliko nia tupu. Kuhusu muda, puuza zile ahadi za siku 21. Phillippa Lally na wenzake kule London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, wakachapisha matokeo mwaka 2010: kufikia mazoea yanayojiendesha kulichukua siku 66 kwa mtu wa katikati, na makadirio yao yalianzia siku 18 hadi 254. Kunywa maji kulishika upesi, mazoezi ya mwili yakachelewa. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana, kwa hiyo ukikosa Jumatano, endelea Alhamisi pasipo kuanza kuhesabu upya.

Hatua ya tano: kufifisha woga uliojifunzwa

Njia ni kuileta ishara huku tokeo linaloogopwa halifuati, mara nyingi kiasi cha kuubadili utabiri. Kulisema ni rahisi. Ugumu uko kwenye utekelezaji, na makosa ni yale yale kila mahali.

Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza habari za mtoto aliyempa jina la Peter, hajafika miaka mitatu, aliyeogopa sungura. Sungura aliletwa akiwa ndani ya tundu, mbali, wakati mtoto anakula kitu anachokipenda. Kila kikao akasogezwa kidogo, mpaka akawa mezani, kisha mapajani. Jones alijua hatari iliyokuwepo: ukimsogeza sungura haraka mno, mtoto anaweza kukichukia chakula badala ya kumzoea sungura. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliupanua mtindo huo wa ngazi kwa ngazi na kuuandikia kitabu mwaka 1958, akiuunganisha na kulegeza misuli.

Tengeneza ngazi yako. Andika hali kumi hivi za kile unachokiogopa, uzipe alama kuanzia 0 hadi 100 kwa ukali wa woga. Kwa lifti: kusimama nje ukitazama milango inavyofunguka, 20, kuingia na kutoka bila milango kufungwa, 35, ghorofa moja na rafiki, 50, ghorofa moja peke yako, 65, hadi ghorofa ya mwisho peke yako kukiwa na watu wengi, 95. Anza pale unapoogopa kweli lakini unaweza kuvumilia. Ukianzia kwenye 5 hujifunzi kitu, kwa kuwa hukutegemea baya lolote.

Kabla ya kila zoezi andika unatabiri nini kitatokea, kwa lugha inayoweza kukosolewa: "Nitazimia kabla ya ghorofa ya tatu." Baada yake andika kilichotokea. Michelle Craske na wenzake wameweka mkazo hapa: kinachofundisha ni tofauti kati ya ulichotegemea na kilichokuja, hata kama moyo ulidunda mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo usipime mafanikio kwa utulivu. Uliogopa dakika zote na hukuzimia? Zoezi limefaulu.

Kosa la kwanza ni kutoka mapema. Ukikimbia woga ukiwa kileleni, umelipa kukimbia. Panga zoezi fupi utakalolimaliza kuliko refu utakalolikatiza. La pili ni kubeba hirizi: chupa ya maji iliyoshikwa kwa nguvu, simu yenye namba ya dharura tayari kwenye kioo, kidonge mfukoni "kwa usalama tu". Mwili utahitimisha kwamba umepona kwa sababu ya chupa, na lifti itabaki na sifa yake mbaya. Ziruhusu kwenye ngazi za chini kama huna budi, kisha ziondoe moja moja. La tatu ni haraka ya kutangaza ushindi. Rudia kila ngazi hadi ikuchoshe.

Kwa matendo yaliyokuwa yakilipwa, kufifisha kuna tabia moja ya kuchanganya: malipo yakikatwa, tendo huweza kuongezeka kwanza. Mtoto aliyekuwa akilia dakika tano atalia ishirini, kwa sauti mpya. Ni dalili kwamba umegusa penyewe. Ndipo wengi hurudisha malipo, na wanalipa kilio kikubwa zaidi. Usianze kabla hujajua kwamba utaweza kuvuka siku hizo, na usianze wiki ambayo wewe mwenyewe umechoka.

Mfano kamili: kitanda kilichojifunza kukesha

Mtu asiyepata usingizi kwa miezi hukuta kwamba anasinzia kwenye kochi sebuleni, ila akigusa mto macho yanafunguka. Kitanda kimegeuka ishara ya kukesha, kwa sababu kwa usiku mwingi kimetangulia kuhesabu saa, kupanga bajeti na kusoma habari mbaya. Richard Bootzin alitoa utaratibu wa kukifundisha upya mwaka 1972, na hadi leo ni nguzo mojawapo ya tiba ya kukosa usingizi isiyotumia dawa.

Panda kitandani ukiwa na usingizi hasa, macho yanaanguka. Uchovu peke yake hautoshi. Kitandani ni kulala na tendo la ndoa tu: simu, chakula, kazi na mijadala vibaki nje. Usingizi usipokuja kwa muda unaoukisia kuwa dakika 15 au 20, ondoka, uende chumba kingine, ukae kwenye mwanga hafifu ukifanya kitu kisichosisimua, na urudi pale tu usingizi unaposhika. Ukikosa tena, toka tena. Saa ya kuamka iwe moja kila siku, hata kama umelala kwa muda wa saa tatu tu. Usilale mchana.

Soma utaratibu huo upya ukiwa na utabiri kichwani, utaona kila kipengele kina kazi. Kutoka kitandani kunazuia kitanda kukutana na kukesha. Kurudi na usingizi kunakikutanisha na kulala upesi. Saa ya kuamka isiyobadilika inaleta usingizi wa kutosha usiku unaofuata ili mafunzo yapatikane. Saa ya ukutani igeuze itazame ukuta, kwa kuwa kuitazama nako ni tendo lililojifunzwa linaloamsha. Wiki ya kwanza huwa mbaya, utaamka umechoka kuliko ulivyoanza. Mtu anayeendesha magari au mashine, au mwenye kifafa au ugonjwa wa kubadilika hisia kupita kiasi, asijaribu bila kuzungumza na daktari.

Hatua ya sita: jiandae kwa kurudi

Kufifia si kufutika. Pavlov mwenyewe aliona kwamba mate yaliyokwisha kukauka kwa mlio usiofuatwa na chakula yalirudi baada ya mapumziko. Mark Bouton alionyesha jambo zito zaidi tangu mwaka 1979: woga uliofifishwa katika chumba kimoja unarudi ukimpeleka mnyama kwenye chumba ulikofundishwa. Somo la kwanza huenda popote, la pili hushikamana na mahali lilipotolewa.

Kwa hiyo fanya mazoezi mahali pengi. Lifti za majengo tofauti, asubuhi na usiku, peke yako na katika msongamano, ukiwa umelala vizuri na ukiwa hujalala. Mwitikio ukirudi baada ya miezi, rudi ngazi mbili chini na upande upya. Safari ya pili huwa fupi zaidi.

Mazingira yana nguvu ya kuua pia. Shepard Siegel na wenzake walichapisha mwaka 1982 jaribio la panya waliozoeshwa heroini. Walipopewa dozi kubwa mahali walipozoea kuipokea, karibu theluthi walikufa. Walipopewa dozi hiyo hiyo mahali pageni, walikufa karibu theluthi mbili. Mahali palipozoeleka palikuwa pameufundisha mwili kujiandaa dhidi ya dawa. Pageni maandalizi hayo hayakuja. Upande wa pili wake ni kwamba mtu aliyeacha dawa au pombe akirudi mtaa ule ule na kwa watu wale wale, mwili huanza kujiandaa, naye huhisi maandalizi hayo kama kiu. Kubadilisha njia za kila siku katika miezi ya mwanzo ni sehemu ya tiba.

Unapomfundisha mwingine

Mwaka 1920 John B. Watson na Rosalie Rayner walimfundisha mtoto wa miezi 11 kumwogopa panya mweupe, kwa kugonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake kila alipomgusa. Woga ukaenea kwa sungura, mbwa na koti la manyoya. Mtoto aliondoka hospitalini bila woga huo kuondolewa. Utafiti wa namna hiyo usingeruhusiwa leo, lakini kila nyumba yenye mzazi anayefokea makosa ya hesabu inaendesha kitu kinachofanana nao: kitabu kinatangulia, kishindo kinafuata, na kitabu kinaanza kuogopwa. Adhabu hunyamazisha tendo mbele ya anayeadhibu, haifundishi lingine la kushika nafasi yake. Ukilazimika kukataza jambo, siku hiyo hiyo lipe malipo tendo unalotaka liwepo.

Mtu mzima umweleze unachofanya na umwombe ridhaa. Woga uliotokana na kushambuliwa, ajali au vita, vipindi vya hofu kali vinavyokuzuia kutoka nyumbani, na uraibu wa pombe au dawa za usingizi, ambazo kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege, ni vya mtaalamu wa saikolojia au daktari. Ukienda, beba daftari la wiki ya kwanza. Atakuuliza kilichotangulia na kilichofuata, na majibu utakuwa nayo kwa saa na mahali.